Mtungi wa Hamisi

Nilipokuwa mtoto, hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyepita njia panda huku mikono yake inaning'inia. Bibi alitufundisha kuifunga nyuma ya mgongo, vidole vimeshikana, kuanzia kwenye kichuguu cha upande wetu hadi tuwe tumevuka barabara. Sababu aliitoa kwa maneno yale yale siku zote: "Kilichoachwa njia panda kina mwenyewe. Ukikigusa, unaondoka nacho." Wakati ule mtu akiugua, mganga alimwogesha dawa, kisha masalia ya dawa ile, au kitambaa, au manyoya ya kuku, yalipelekwa kutupwa pale njia zinapokutana, ili ugonjwa umdandie mpita njia na kwenda naye mbali. Onyo la pili la Bibi lilikuwa hili: sauti inayoita kutoka njia panda baada ya jua kuzama haijibiwi. Aliye mtu atakuja mchana.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwaka huu alinijia kijana wa ofisi ya mtaa, anayesimamia vibao vya majina ya barabara. Aliambiwa mimi ndiye mzee aliyebaki anayejua majina ya zamani. Hilo ni kweli, na sijisifu. Wengine wamekufa tu.

Njia zenyewe zilikuwa mbili. Moja ilishuka kutoka Kondoa kwenda Dodoma mjini. Ya pili ilikuwa njia ya ng'ombe, iliyotoka magharibi na kuelekea Ihumwa kwenye reli. Wazee wetu wa Kigogo walipaita Malekano, yaani mahali watu wanapoachana. Madereva wa malori walisema Njia Panda, basi. Serikali ya Mwingereza haikupaita kitu. Niliiona ramani yake shuleni, nikatafuta kwa kidole, nikakuta mistari miwili imekatana na pembeni ni karatasi tupu.

Sisi tulikaa upande wa chini, karibu na korongo, kwenye tembe zetu za udongo. Upande wa juu walikuja kukaa Warangi, waliotoka Kondoa na biashara zao za asali, samli, tumbaku na mahindi. Wao walikuwa Waislamu. Sisi wengine tulikuwa wa kanisa na wengine wa mizimu, na wengi wetu wa vyote viwili kwa zamu. Kila upande ulisema lugha yake, na tulipokutana katikati tulisema Kiswahili, ambacho hakikuwa cha mtu yeyote pale. Tulikisema kama mtu anayevaa kanzu ya kuazima: inafunika mwili, lakini mikono imezidi.

Utani ulikuwepo mwingi. Mzee Mhembano, aliyekuwa mkubwa wa upande wa chini, hakuweza kupita dukani kwa Warangi bila kusimama.

"Mrangi akikuuzia asali," alikuwa akisema kwa sauti ili asikike, "chovya kidole mpaka chini. Juu asali, chini uji."

"Na Mgogo akija kununua," mwenye duka alijibu bila kuinua kichwa, "ficha kibuyu cha kuonjea. Ataonja mpaka ashibe, aseme si tamu."

Walicheka wote wawili. Nasema hili ili isidhaniwe kuwa watu wale walichukiana. Hawakuchukiana. Yaliyotokea yalitokea kati ya watu waliotaniana.

Mwenye duka huyo aliitwa Iddi, na mkewe aliitwa Mwanaidi binti Swalehe. Sisi tulimwita Mama Hamisi, ingawa hakuwa na mtoto nyumbani. Hamisi alikuwa amelala kaburini, hatua chache kutoka njia panda, chini ya mawe meupe yaliyopangwa vizuri. Tulichojua upande wa chini kilikuwa kidogo: kwamba Iddi alitangulia kuja kujenga, kwamba mkewe alifuata baadaye kutoka Kolo, huko Kondoa, na kwamba mtoto alifia hapa siku ile ile ya kufika. Baada ya maziko mwanamke yule aliweka pale pale njia panda kibanda kidogo cha miti na nyasi, na ndani yake mtungi mkubwa wa maji, na juu ya mtungi kata ya kibuyu. Kila asubuhi alishuka korongoni, akachimba mchanga, akasubiri maji yajikusanye, akapanda nayo na kuujaza mtungi.

Wasafiri walikunywa. Wachungaji waliotoka mbali walikunywa, matingo wa malori walikunywa na kujimwagia kichwani. Watu wa upande wa chini hawakunywa. Kilikuwa kitu kilichoachwa njia panda, tena kimeachwa karibu na kaburi. Hatukuhitaji kuambiwa.

Mimi nilikunywa. Nilikuwa nimeanza shule ya misheni, na kurudi kwake kulikuwa kutembea juani hadi ulimi unashikana na kaakaa. Siku moja Mama Hamisi alikuwa anafagia kibandani nilipokuwa napita, mikono yangu nyuma kama mfungwa.

"Wewe mtoto wa shule," aliniita. "Umeiba nini huko nyuma?"

"Shikamoo, mama. Sijaiba."

"Marahaba. Basi fungua mikono unywe."

Nilisimama. Alichota maji akanyoosha kata, akangoja. Alikuwa na subira ya watu wanaochimba maji mchangani.

"Ukimaliza," alisema, "sema Mungu amrehemu Hamisi. Mimi usinishukuru."

Nilikunywa, nikasema, nikakimbia. Yalikuwa maji baridi yenye harufu ya udongo mpya. Tangu siku ile nilikunywa kila nilipopita bila kuonwa, na nyumbani nilifika nikiwa nimejifuta midomo.

Ukaja mwaka ambao mvua ilichelewa. Uwele ulichipua ukakauka ukiwa kimo cha kiganja. Kisha surua ikaingia, na iliingia upande wa chini kwanza. Watoto wawili wa Mzee Mhembano walizikwa. Mdogo wangu wa kike, Nyemo, akaanza kukohoa, macho yakawa mekundu, na mama akamlaza chumba cha ndani kwenye giza. Baba alikuwa Ihumwa akifanya kazi ya reli. Nyumbani aliyeamua mambo alikuwa Bibi, mama yake baba, na jina lake lilikuwa Sechelela, maana yake kufurahi. Sikumbuki kumwona akicheka zaidi ya mara moja au mbili, na mara zote alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

Watu walitafuta chanzo, na macho yakaenda kwenye mtungi. Mzee Mhembano aliita kikao asubuhi, palepale njia panda. Alikuwa mtu mwenye msiba na alistahili kujibiwa. Warangi wachache walishuka. Iddi alikuwa amesafiri kwenda kununua bidhaa, kwa hiyo mkewe alisimama peke yake mbele ya wazee, mikono imekunjwa kwa adabu. Mimi nilikuwa nimesimama na Bibi, nimeshika khanga yake.

"Mama," alisema Mzee Mhembano, kwa Kiswahili chake cha polepole. "Sisi ni majirani. Tunauliza kwa heshima. Mtungi huu ni kitu gani?"

"Ni sadaka, baba."

"Sadaka ya nini?"

"Ni sadaka ya mwanangu."

Watu walitazamana. Lazima nieleze hapa, kwa kuwa jambo zima liko kwenye neno hili. Kwa Mama Hamisi, sadaka ya mwanangu ni tendo jema linalofanywa ili thawabu yake imfikie marehemu. Lakini upande wetu neno sadaka tulilipokea kanisani, na mwalimu wetu wa kanisa alikuwa amelifundisha majuma machache nyuma katika habari ya Ibrahimu, aliyeambiwa amchukue mwanawe mpendwa, apande naye mlimani, akamtoe sadaka. Alilieleza vizuri mno, pamoja na kuni na kisu. Kila mtu wa upande wa chini aliliona lile tendo kwa macho yake.

Mzee Mhembano alilamba midomo. Nadhani alitaka kumpa nafasi ya kukana.

"Mtoto huyo," aliuliza, "ulimtoa wewe mwenyewe?"

"Nilimtoa mwenyewe," alisema Mama Hamisi. Sauti yake ilipanda kidogo, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza habari za mwanawe. "Nilimtoa Kolo, mgongoni mwangu. Baba yake hakuwepo. Nilimtoa peke yangu mpaka hapa."

Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yangu alimvuta mtoto wake nyuma. Wazee waliinuka mmoja mmoja, wakapangusa vumbi, wakaondoka bila kuaga. Mama Hamisi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Nadhani alitegemea mtu amwambie pole.

Tulipofika nyumbani Bibi alikaa kizingitini akanisimamisha mbele yake. Kwa kawaida aliniita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Siku ile aliniita kwa jina.

"Masima. Umekunywa maji yale?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mara ngapi?"

Nilianza kuhesabu kwa vidole. Alielewa. Alitazama mlango wa chumba cha ndani, Nyemo alikokuwa anakohoa, kisha akanitazama tena, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepima umbali.

"Wewe mzima," alisema taratibu. "Umekunywa wewe, anaugua yeye."

Dawa ya jambo hilo ilikuwa inajulikana. Aliyechukua kitu cha njia panda anarudishwa palepale. Jua likiwa utosini anatema maji kwenye chombo kile kile, anasema nilichokichukua nakirudisha, anaondoka bila kugeuka nyuma. Kesho yake Bibi alininyoa nywele, akanishika mkono, tukaenda. Mimi nilikuwa tayari. Nilitaka kurudisha. Kila Nyemo alipokohoa nilisikia kifuani mwangu kana kwamba mimi ndiye ninayemsukuma.

Tulikuta kibanda kimeangushwa. Mtungi ulikuwa vigae, na ardhi chini yake ilikuwa bado na unyevu. Nani aliuvunja haikusemwa siku ile wala baadaye, na majina niliyowahi kudhani sitayaandika, kwa kuwa sikuona.

Bibi aliinama kana kwamba anataka kuokota kigae, akajizuia, akafunga mikono yake nyuma.

"Sasa utakirudisha wapi?" alisema. Hakuniuliza mimi. Lakini ni mimi niliyelibeba swali hilo hadi nyumbani.

Nyemo alikufa kabla ya juma kwisha.

Msiba wa kwetu ulikuwa na desturi yake, na sidhani imebadilika sana: watu huja na maji na kuni kwanza, maneno baadaye. Wanawake wa upande wa chini walikaa uani, mama akiwa katikati yao. Watu wa upande wa juu hawakuja, na nani angewalaumu. Kisha, kama saa ya kurudisha ndama, Mama Hamisi alitokea njiani akiwa na debe la maji kichwani.

Njia ilifunguka mbele yake. Wanawake walisogeza miguu, wakakusanya watoto. Alilitua debe karibu na meko, akapiga magoti mbele ya mama, akasema, "Pole, mwenzangu." Mama alikuwa hana nguvu ya kumwogopa mtu. Alimshika mkono tu.

Bibi ndiye aliyesema. Alisema kwa sauti ya chini, nami nilikuwa nimekaa miguuni pake, nikasikia yote.

"Binti Swalehe. Nataka nikuulize jambo, unijibu kwa maneno mengi, si machache."

"Niulize, mama."

"Hamisi alikufaje?"

Alishangaa, kisha akaeleza. Lori walilopanda liliharibika njiani, likaachwa. Mtoto alikuwa na homa tangu Kolo. Alimfunga mgongoni akatembea. Alilala njiani, akatembea tena. Maji yakaisha. Alifika njia panda jua limezama. Mumewe alikuwa amekwenda Ihumwa kufuata bati, na yeye mwenyewe hakujua kibanda chao kilikuwa wapi katika pori lile. Kiswahili alikuwa hakijui bado.

"Nikaona moto kwenye nyumba moja," alisema. "Nikaita. Nikaita kwa lugha yetu, maji, maji kwa mtoto. Ndani nilisikia mtu anakohoa. Nikaita tena. Basi moto ukafunikwa."

"Ukafunikwa," alirudia Bibi.

"Ndiyo, mama. Asubuhi hakuwa na joto tena. Ndiyo nikasema, atakayepita hapa akiwa na kiu asipate shida ya kuita. Yale maji yalikuwa kwa ajili yake. Nyie mmeniuliza, nikasema."

Wakati ule upande wa juu ulikuwa bado pori. Nyumba iliyokuwa karibu na njia panda ilikuwa moja.

"Ilikuwa nyumba ipi?" Bibi aliuliza.

Mama Hamisi aliinua macho. Aliutazama mlango wetu, na gogo la mti wa mkwata lililokuwa nguzo yake, lenye pengo la shoka upande mmoja ambalo mtu akiliona mara moja hulikumbuka. Alilitazama kwa muda. Kisha akainamisha kichwa.

"Sikumbuki, mama. Ilikuwa giza."

Bibi naye aliugeukia mlango, akalitazama lile pengo la shoka. Mwishowe alinyanyuka, akachukua kata yetu, akachota kwenye lile debe, akanywa mbele ya watu wote hadi mwisho. Hakuna aliyemfuata. Watu walidhani uchungu umemchanganya.

Usiku wa msiba huo aliniita kando.

"Mume wangu," alisema. "Yale yalikuwa maji tu. Umesikia? Maji tu."

Nilisikia. Uzito uliokuwa kifuani mwangu ulipungua usiku ule, ingawa ulichukua miaka kwisha. Wa kwake sijui kama ulipungua.

Iddi aliporudi hakutaka kusikia habari ya kubaki. Walifunga mizigo. Mama Hamisi alikwenda kaburini asubuhi ya kuondoka, akapanga upya mawe ambayo hayakuwa yameharibika, na mumewe alimwita mara nyingi kabla hajainuka. Lori liliwachukua kurudi Kondoa. Warangi wengine walifuata kidogo kidogo. Duka likafungwa, malori yakakosa sababu ya kusimama, na utani wa Mzee Mhembano ukakosa wa kumjibu. Nilimwona wakati mwingine amesimama mbele ya duka lile lililofungwa, fimbo mabegani, kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Hivyo ndivyo mahali pale palivyopungua. Watu wa sasa husema ni njaa na kuhamishwa, na hayo yalikuwepo pia, baadaye.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila siku ya kiangazi alishuka korongoni, akachimba, akapeleka kibuyu cha maji penye mawe meupe. Aliyapeleka mwenyewe bila kutuma mtoto. Na alipopita njia panda mikono yake ilikuwa wazi. Lakini kwa wazee hakulisema lile jambo. Hakusema alikuwa amekohoa nani, wala nani alifunika moto. Mimi mwenyewe huwa nadhani nakumbuka majivu yakimwagwa juu ya makaa na mkono ukiwekwa mdomoni pangu, lakini nilikuwa mdogo mno, na huenda ni kumbukumbu niliyojitengenezea. Onyo lake lilitimia. Aliondoka nacho. Hakukichukua pale njia panda, alikuwa nacho mlangoni kwake miaka yote ile, nacho kilikuwa sauti ambayo hakuijibu kwa sababu alifundishwa hivyo na wazazi wake waliompenda.

Kwa kuwa alinyamaza, habari iliyobaki ni ile nyingine. Si zamani sana nilikuwa Chang'ombe ya hapa Dodoma, nimekaa kwenye benchi la duka nikingoja mvua ipite, nikasikia vijana wawili wanasimuliana. "Kule Mtungini," mmoja alisema, "kuna mwanamke wa kale alimtoa mwanawe kafara ili duka lake liende." Nilimwambia haikuwa hivyo. Nikamwambia jina la mwanamke, jina la baba yake, na alikotoka. Alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Shikamoo tena, babu," na mvua ilipokatika akaondoka na habari yake ile ile. Nimeieleza mara nyingi kwa watu wengi. Haiendi mbali. Ile nyingine ni fupi, na inatisha.

Mtungini ndilo jina la sasa. Halikutolewa na mtu. Lilianza kusemwa na madereva, "nishushe pale mtungini," na mtungi ulipovunjika likaendelea. Jiji limetufikia sasa, barabara ya Kondoa ina lami, na mawe meupe yamo ndani ya uzio wa mtu ambaye, namshukuru, hajayagusa.

Kijana wa ofisi aliandika alichoandika, kisha akainua uso.

"Kwa nini Mtungini, babu? Palikuwa na wafinyanzi? Walikuwa wanauza mitungi?"

"Hapana," nilimjibu. "Ulikuwa mmoja."

Alingoja niendelee, nami nikaendelea, nikamweleza yote, polepole, kwa maneno mengi. Hakuandika. Alipoaga nilimsindikiza hadi barabarani, mahali ambapo kibao kitasimama. Magari yalikuwa mengi, tukangoja yapite. Ndipo nilipogundua kwamba nimesimama mikono yangu nikiwa nimeifunga nyuma, vidole vimeshikana. Niliifungua. Ilinichukua muda kidogo; vidole vya uzeeni ni vigumu.